Kwa Mwanaidi, kuhusu ile prosesa

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Mama anaendeleaje, mguu umepoa? Huku sote wazima, ila mvua imetuletea matope mpaka mlangoni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikaona heri nikuandikie kuliko kukujibu juu juu, maana najua ile kompyuta ndiyo inayolipa ada za watoto. Umeambiwa uzime Hyper-Threading, ile njia ya kiini kimoja cha prosesa kushika kazi mbili kwa zamu, ili mashine isichemke, na sasa unaogopa usije ukaunguza prosesa. Hofu hiyo iondoe. Kuizima hakuunguzi kitu na hakufuti faili hata moja, na siku ukitaka kuirudisha unairudisha. Ni swichi iliyowekwa na watengenezaji wenyewe. Lakini kwa kazi yako mimi nisingeizima.

Mfikirie fundi mwenye cherehani moja. Akichukua gauni la mteja mmoja tu, kuna nyakati anakaa bure akisubiri kijana arudi na vifungo. Hyper-Threading ni kumpa nguo za wateja wawili kwa pamoja: ya huyu ikisubiri vifungo, mguu unaendelea kukanyaga kwa ajili ya yule. Cherehani ni ile ile moja. Intel walianza kuitoa mwaka 2002, wakasema inaweza kuongeza kasi hadi asilimia 30. Prosesa yako, Core i7-4770, ina viini vinne, yaani cherehani nne, lakini Windows inahesabu nane. Ukiizima, inahesabu vinne. Kuna mama mmoja aliniletea mashine machozi yakimlengalenga, fundi aliyemtangulia amemwambia nusu ya prosesa imekufa, anunue nyingine. Niliingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, mbele yake, nikakuta swichi imezimwa tu. Nikaiwasha, kompyuta ikaamka, nikamwonyesha kidole kwa kidole: moja, mbili, mpaka nane. Ndiyo maana nakueleza hesabu hii mapema, usije ukatishwa na mtu.

Sababu kubwa ya watu kuizima ni usiri. Wateja wawili kwenye meza moja: wa pili haoni gauni la mwenzake, lakini akiangalia pini zimesogezwa wapi, anaanza kukisia kinachoshonwa. Mwaka 2005 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Colin Percival, alionyesha kwamba programu iliyo kwenye uzi mmoja, yaani nafasi ya mteja mmoja ndani ya kiini, inaweza kuiba ufunguo wa siri wa programu iliyo kwenye uzi wa pili, kwa kupima tu muda wa kusoma ile kumbukumbu ndogo ya haraka wanayochangia ndani ya kiini. Mwaka 2018 watengenezaji wa OpenBSD, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, wakaamua mfumo wao uwe unaizima wenyewe kwenye prosesa za Intel. Mei 2019 yakatangazwa madhaifu mengine ya aina hiyo, na Google nao wakaizima kwenye Chrome OS 74, mfumo wa kompyuta za Chromebook. Mwenye seva anayekodisha nafasi kwa wateja wasiojuana ana haki kabisa ya kuizima, nami ningemsukuma aizime. Wewe uko peke yako kwenye mashine, na programu zote umeziweka kwa mkono wako. Usiache tu kusasisha Windows na kivinjari.

Sasa kazi yako. Unapotoa video ya harusi uliyomaliza kuihariri, programu inatumia kila uzi inaoupata. Mimi nina prosesa kama yako, nikajaribu kwa video ya kicheni pati ya binamu yangu. Ikiwa imewashwa ilimaliza kwa dakika 40, nilipoizima ikachukua 51. Kweli feni ilipunguza kelele na joto likashuka kidogo, lakini lilishuka kwa sababu kazi imepungua. Wewe mwenye harusi tatu kwa wikiendi, hizo dakika utazitoa wapi?

Joto lako nadhani liko kwingine. Ile kompyuta ni mtumba wa ofisini, na tangu uinunue sidhani kama umewahi kuifungua. Yangu nilipoifungua, kati ya mapezi ya bati chini ya feni vumbi lilikuwa limejipanga kama kipande cha blanketi, nikalivuta likatoka zima. Pesti, ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa, ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Chomoa umeme, fungua kasha, puliza, na ishike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Kisha futa pesti ya zamani yote na upake mpya, kiasi cha punje ya mchele tu. Ukiona mkono unatetemeka, mwite fundi, lakini simama pale pale akiifanya.

Kama bado unataka kujaribu swichi, sikukatazi. Hifadhi kazi zako zote kwanza. Ukiingia BIOS, piga picha ya ukurasa kwa simu kabla hujagusa chochote, badilisha hiyo moja tu, kisha hifadhi na uwashe upya. Ukihisi umeharibu, zima, chomoa waya, toa ile betri bapa kama sarafu kwenye bodi kwa dakika chache na uirudishe. Mipangilio yote itarudi ya kiwandani, hata saa utairekebisha upya.

Na usiache kazi hii mpaka Ijumaa yenye harusi. Ifanye Jumatatu. Ukishafungua kasha nitumie picha ya feni kabla hujapuliza, nitakuwa hewani baada ya Isha. Msalimie mama, mwambie ule mchaichai alionipa umeota.

Ni mimi shoga yako,
Rehema