Mgonjwa ataje msemaji wake angali anasema

Mhariri,

Sisi ni wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wenye maradhi yasiyopona, tunaohudumia wagonjwa majumbani huku Pwani. Familia nyingi humleta mgonjwa wa saratani iliyosambaa, au wa figo zilizokwisha kufa, hospitalini usiku wa manane akiwa hawezi tena kutamka neno. Daktari akiuliza ni nani anayeamua, watoto huanza kuvutana pale pale kitandani, na mjomba aliye Muscat naye hupiga simu akitaka kila mtambo utumike.

Swali hilo lina jibu katika Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 9. Mgonjwa asipoweza kuidhinisha matibabu, anaweza kuidhinishiwa na mtu aliyemteua mwenyewe kwa maandishi, ambaye hapa tunamwita msemaji. Sheria haikumtaja kifunguamimba wala anayelipa bili. Kifungu hicho hicho kinawaruhusu madaktari kuendelea bila idhini pale kuchelewa kunapoweza kuua, mradi mgonjwa hakuwa ameikataa huduma hiyo. Kwa hivyo asiyetaka mashine ya kupumulia aseme mapema, na kauli yake iandikwe.

Ukurasa mmoja unatosha: jina na nambari ya kitambulisho, ugonjwa, msemaji na wa pili wake pamoja na simu zao, anachokubali, anachokataa, anapotaka kuuguzwa, tarehe, na sahihi au dole gumba. Tunashauri mashahidi wawili, mmoja asiwe wa ukoo, ili baadaye kusizuke ubishi. Msemaji awe karibu, simu yake ipatikane, na awe na moyo wa kutetea neno la mgonjwa hata yeye mwenyewe akilichukia. Nakala moja iingie kwenye faili la hospitali, nyingine akae nayo msemaji, ya tatu iwekwe pamoja na dawa. Iliyofungiwa kabatini na hatimiliki ya shamba haimfai mtu saa nane za usiku. Wosia ni karatasi nyingine kabisa, maana huo hufanya kazi baada ya kifo. Mgonjwa akibadili nia, andikeni upya, mtie tarehe mpya na kuzichana nakala zote za zamani.

Kabla ya kalamu kuna mazungumzo, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Wanasema, "Mama asiambiwe, atavunjika moyo." Mara nyingi mama ameshajua, naye ananyamaza ili asiwaumize wanawe. Anzeni kwa kumuuliza: ugonjwa huu unauelewaje? Ungependa kuelezwa kiasi gani? Unachokiogopa zaidi ni nini? Akisema hataki kujua lolote, mheshimuni, lakini mwombeni amtaje atakayeelezwa kwa niaba yake.

"Fanyeni kila liwezekanalo" ni kauli isiyomsaidia yeyote. Saratani ikishaenea mwilini na moyo ukasimama, kubonyezwa kifua ni nadra sana kumrudisha mtu, na mbavu huvunjika. Kusafishwa damu kunaweza kujaribiwa kwa muda mliokubaliana, tuseme wiki nne, kisha mkae tena na daktari. Mjue pia kwamba figo zikiwa hazifanyi kazi kabisa, kwa kawaida mtu hufariki wiki moja au mbili baada ya kuacha kusafishwa. Chakula ndicho kinachogombanisha watu zaidi. Katika siku za mwisho mwili hauhitaji tena chakula, na uji wa kulazimishwa huweza kuingia mapafuni na kumpalia. Peaneni zamu kumpangusa midomo kwa kitambaa kibichi, inatosha.

Anayetaka kuuguzwa nyumbani anahitaji dawa nyumbani, la sivyo karatasi yake ni ahadi tupu. Ombeni mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, mapema. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia mara nyingi huanzishiwa miligramu 5 kila baada ya saa nne, na mzee au mwenye figo dhaifu hupewa pungufu ya hapo. Dozi ya wakati wa kulala daktari anaweza kuiongeza maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Pimeni kwa sirinji, kwani vijiko vya chai havilingani, na msome lebo kila mnapopewa chupa mpya, maana nguvu hutofautiana. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile, kwa sababu mofini hufunga choo muda wote inapotumiwa. Usingizi na kichefuchefu, kwa wengi, hupungua baada ya siku chache. Wapo wanaoificha chupa hadi "hali iwe mbaya kabisa", na mgonjwa akateseka wiki nzima dawa ikiwa rafuni.

Tunaziomba hospitali za kaunti zichapishe fomu hii kwa Kiswahili na kuiweka kwenye faili siku mgonjwa anapoelezwa kuwa ugonjwa wake hautapona, na muuguzi apewe muda wa kuijaza pamoja naye.

Wauguzi wa tiba shufaa,
Mombasa