Riwaya za upelelezi zirudi madukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wasomaji wa riwaya za upelelezi, ambao huambiwa wanapoteza muda kwa hadithi za damu.

Mimi damu hainivuti. Kinachonivuta ni kule kufikiri sambamba na mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo mapema. Katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, wengine wanauogopa mzimu, lakini mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anamtafuta binadamu aliyetenda uhalifu. Msomaji naye huanza kupima kila neno: nani alikuwa wapi, na kwa nini huyu anajua jambo ambalo hakuambiwa? Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa kidato cha pili, nilirudi nyuma kurasa nyingi kusaka dokezo lililonipita. Nikalikuta pale pale, wazi kabisa! Furaha ile sijaisahau. Na Kiswahili chake cha Unguja ni kitamu mno.

Mwaka 1965 akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, kisha wengine wengi.

Nawaomba wachapishaji wavirudishe vitabu hivi madukani, na gazeti lako litenge ukurasa wa hadithi za upelelezi za mfululizo. Mpwa wangu wa miaka 14 amemaliza nakala yangu iliyochakaa kwa siku mbili. Jana ameniuliza, "Mjomba, nyingine iko wapi?" Sina ya kumpa.

Msomaji wako,
Tanga