Umeme wa shule haugawanyiki kwa kumi na mbili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu umeme wa shule za bweni hapa Tanga. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja. Februari iliyopita nilipigiwa simu saa tatu usiku: uniti zimekwisha, kidato cha sita wako gizani, prepu imevunjika, na kifungu cha umeme kwenye bajeti kimebaki jina tu. Mhasibu akatoa hela mfukoni mwake, akanunua tokeni, akabonyeza tarakimu 20 za LUKU kwa mwanga wa simu. Alikosea mara mbili, maskini.

Kesho yake tukafungua vitabu. Hakukuwa na wizi. Tulichofanya ni kuchukua fedha za mwaka uliotangulia, tukaongeza kidogo, tukagawa kwa kumi na mbili. Sasa mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1, kusi inavuma, vijana wanajifunika mashuka. Kufika Septemba tukaona kuna bakaa, tukaihamishia kwenye rangi ya madarasa. Madarasa yanapendeza kweli. Kaskazi ikaja na joto lake, na hatukuwa na kitu.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Bweni letu kubwa lina mapangaboi 24, kila moja wati 75. Yakizunguka toka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ni uniti 14.4 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Kwa siku 28 za Februari zinakuwa 403.2, bweni moja tu. Agosti mapangaboi hayo hayo yamelala. Na hapo sijagusa pampu ya kisima, ambayo kwenye joto haipumziki kwa kuwa vijana wanaoga mara tatu.

Tangu Machi tuna daftari. Kila asubuhi mwalimu wa zamu anaandika uniti zilizobaki kwenye mita na zilizonunuliwa tangu jana. Jana zilibaki ngapi, jumlisha zilizonunuliwa, toa za leo: hayo ndiyo matumizi. Tunaandika uniti kwanza, shilingi baadaye, maana bei hubadilika lakini pangaboi halijui bei. Pembeni tunaweka idadi ya wanafunzi waliolala, na kama ni likizo au mitihani.

Likizo ya Juni daftari likatuumbua. Shule tupu, mita inakula uniti tisa kwa siku! Kufuatilia, jokofu la duka la shule linapoza chupa mbili za maji, na taa za uzio zinawaka mchana kutwa.

Ombi langu ni kwa bodi wenzangu na maafisa elimu: makadirio ya umeme yakiletwa mezani, yaje ya mwezi kwa mwezi, na daftari la mita liwe kando yake. Asiye na daftari arudishiwe karatasi yake.

Mjumbe wa bodi ya shule,
Makorora, Tanga