Kafara si jina la mauaji

Ndugu Mhariri,

Kila mtoto anapouawa kwa imani za kishirikina, vichwa vya habari huandika "atolewa kafara". Hunichoma moyo, maana nimelelewa na neno hilo na halikuwa na damu ya mtu ndani yake.

Kafara limetokana na Kiarabu, mzizi wa herufi tatu k-f-r, wenye maana ya kufunika. Humo humo ndimo zilimotoka kafiri na kufuru, yaani kuifunika kweli. Hata wakulima wameitwa kwa jina la mzizi huo katika Kurani, sura ya 57 aya ya 20, kwa kuwa huifukia mbegu udongoni. Yom Kippur ya Wayahudi, siku ya upatanisho, ni ya ukoo huo pia. Kafara basi ni kifuniko cha kosa, na anayefunika ni mkosaji mwenyewe, kwa mali yake au kwa njaa yake.

Kafara ya kuvunja kiapo imewekwa wazi katika Kurani, sura ya 5 aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza, afunge siku 3. Marehemu bibi yangu aliwahi kuapa kwamba hakanyagi tena kwa dada yake. Walipopatana akapika, akanituma kuwaita watu. Namwona bado akihesabu sahani kwa ncha ya mwiko. Zilikuwa tisa. Akanirudisha njiani nimtafute wa kumi, na hakuna aliyeonja tonge mpaka alipopatikana.

Najua neno limepanuka, likamchukua na mnyama anayechinjwa kukinga balaa, kisha siasa ikatuletea "mbuzi wa kafara". (Yule wa Biblia, Walawi 16, aliyebebeshwa dhambi za watu hakuchinjwa, aliachiwa jangwani akiwa hai.) Kwa hilo sigombi, lugha hukua. Ila hata anayechinja mnyama hutoa kilicho chake. Anayemuua mtoto wa mwenzake kwa tamaa ya utajiri hajatoa chochote chake, wala hajafunika kosa, amelizidisha. Tukiandika kwamba "ametoa kafara" tunamvika joho la ibada, kana kwamba yupo aliyeipokea.

Naomba waandishi wako waandike kilichotokea: mtoto ameuawa. Ikiwa mganga aliagiza, aandikwe aliyeagiza na aliyelipa.

Msomaji wako