Usisubiri Kwanza Ujue Unaamini Nini: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Swali uliloniuliza katika ujumbe wako wa mwisho nimeona nilijibu hadharani, kwa ruhusa yako na bila kutaja jina lako wala jina la kundi la dini ambalo tulilelewa kambini mwake, kwa kuwa najua wapo wasichana wengine wanaojiuliza hilohilo usiku, wamejifunika shuka ili mwanga wa simu usionekane. Uliuliza kama ni halali mtu kurudi kusoma wakati bado hajajua anaamini nini. Ulisema unaona ni unafiki kujaza fomu za mtihani ilhali hadi leo ukisikia radi unatubu dhambi ya kutoka kambini, na kwamba ungependa kwanza umalize kesi yako na Mungu, ndipo uanze mambo ya shule.

Usisubiri. Kesi hiyo ya kwanza haina tarehe ya hukumu, na wako wazee wa miaka 70 ambao bado wanaiendesha. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea una tarehe zake: hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, hufungwa, na anayechelewa hulipa faini au hukaa mwaka mwingine mzima. Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa bado nafunga kwa siri siku zilezile tulizofundishwa kufunga, na hakuna msahihishaji aliyegundua.

Najua wazo lako limetoka wapi. Tulikariri Ufunuo 3:16 kabla hatujajua kujifunga vishikizo, kwamba aliye vuguvugu atatapikwa, na kutokana na aya hiyo moja tukajengewa desturi ya kutofanya lolote mpaka moyo mzima uwe umekubali. Desturi hiyo inafaa kwa ubatizo. Kwa masomo haifai hata kidogo, kwa sababu kusoma ni kazi ya watu vuguvugu: unafungua daftari umechoka, huamini kama utafaulu, huna hakika kama somo lina faida, na unaandika hivyohivyo.

Mama mdogo hukasirika kundi letu likitajwa pamoja na lile la msitu wa Shakahola, Kenya, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa, na nadhani ana haki ya kukasirika. Kule Kilifi, polisi walipoanza kufukua makaburi msituni mwezi Aprili 2023, ilipatikana hatimaye miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Kwetu hakuna aliyeambiwa afe njaa. Tulilima, tukala, na wagonjwa walipelekwa hospitali, ingawa kwa kuchelewa. Hata hivyo kuna jambo moja katika habari ile ambalo siwezi kulipita. Miaka kadhaa kabla ya msitu, mwaka 2017, mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa Malindi kwa tuhuma zilizohusu mafundisho yake dhidi ya shule na watoto waliokuwa hawasomi. Shule ilikuwa miongoni mwa milango ya mwanzo kufungwa. Makundi mengi hufunga mlango huo kisha hayaendelei hadi kwenye makaburi, na kwa sababu hayaendelei, hakuna mwandishi wa habari anayefika, na hasara ya binti aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza kisha akabaki shambani haiandikwi popote.

Hasara yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ulivyonieleza, na naomba uisome sehemu hii polepole. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Sasa pima. Rafiki yako wa darasa la saba aliyekwenda sekondari ya kata alikuwa na ukuta huo mbele yake hadi kidato cha nne. Wewe, kwa kuwa baba alirudi kutoka kwenye maombi akasema hekima ya dunia hii ni upuzi, hukuandikishwa, na kwa kutoandikishwa hukuwa mwanafunzi wa mtu yeyote. Ulipoolewa ukiwa na miaka 17, hapakuwa na mwalimu mkuu wa kuuliza mbona hujaonekana darasani. Waliokutoa shule walikutoa pia kwenye ulinzi wa sheria hiyo, na sina hakika kama wenyewe walijua walichokuwa wakifanya.

Kwa hiyo anza na karatasi, kabla ya vitabu. Ulizaliwa nyumbani na huna cheti cha kuzaliwa, basi nenda kwa mtendaji wa kijiji upate barua ya utambulisho, kisha uende kwa msajili wa RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Chukua cheti chako cha kumaliza elimu ya msingi, ambacho nimefurahi mno kusikia kwamba mama mdogo alikificha kwenye sanduku la kanga badala ya kukichoma pamoja na madaftari. Mwanamke yule analaumiwa kwa mengi, lakini karatasi ile moja aliyoificha ndiyo itakayokufungulia Mtihani wa Maarifa, ambao nitakueleza hapa chini. Baada ya hapo fuatilia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Hapa ndipo utakapotetemeka, na usishangae. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba namba ya serikali ni alama ya mnyama wa Ufunuo 13, na mwili hukumbuka hofu hata akili ikiwa imeshaiacha. Mimi siku ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole nilitokwa jasho mpaka yule kijana wa mashine akanipa kiti. Namba ikatoka, nikapanda daladala, nikarudi kupika.

Njia ya masomo si ngumu kuieleza. Aliyemaliza darasa la saba bila kupita sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao wote tunauita QT, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani. Akifaulu, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 haitugusi sana sisi wa nje ya mfumo, kwa hiyo ada ya mtihani na ya kituo ni juu yako, na kabla hujalipa kituo chochote cha mtaani waulize watahiniwa wa mwaka jana, maana vingine ni ubao na meza tu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mikoani, na huko utaelekezwa vituo vinavyotambulika. Ipo pia mipango katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 na ambavyo sasa ni 54, ambako mpango wa Elimu Haina Mwisho unapokea wanawake vijana walioacha shule. Wanasoma sekondari pamoja na ufundi, na mtoto anapata mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Kwa mwenye watoto wawili wadogo kama wewe, ningeanza kuuliza huko.

Utakachokutana nacho darasani ndicho ninachokijua zaidi, kwa kuwa sasa nafundisha Kiswahili jioni kwa watu wa namna yako na yangu. Kiingereza kitakutesa. Hilo halihusiani na dini. Linamtesa kila mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili kisha akatupwa kwenye masomo ya sekondari. Lakini una mtaji ambao wenzako hawana. Umesoma Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 tangu jalada hadi jalada, kwa sauti, miaka na miaka, na Kiswahili kile kimekaa ndani yako: unajua sentensi ndefu inavyoshikana, unajua mafumbo, unajua ushairi wa Zaburi kabla hujaambiwa kwamba ni ushairi. Wanafunzi wangu waliotoka kwenye makundi kama letu huandika insha zinazonifanya nisimame nikisahihisha. Kukariri pia mmezoea, na mitihani yetu, kwa bahati mbaya ya nchi, inapenda wanaokariri.

Mahali mnapoanguka ni penye swali linalosema “Jadili”. Nimeliona mara nyingi mno. Mtu anayeweza kutaja sura na aya bila kufungua kitabu anapewa kauli, anaambiwa aijadili, naye anaandika ukurasa mzima wa kukubaliana nayo, kwa sababu kauli iliyochapishwa kwenye karatasi rasmi kwake ni neno la kutiiwa. Huwa namwambia aandike sababu moja ya kuipinga, hata kama haiamini, na wapo wanaolia. Wewe jizoeze mapema. Chukua lolote, hata agizo la mwenyekiti wa kijiji kuhusu mnada, uandike kwa nini ni sahihi na kwa nini si sahihi, kisha ufunge daftari bila kuamua. Na ukikutana na mwalimu asiyependa kuulizwa, kwa kuwa wapo, na baadhi yao wana sauti kama ya mzee wa kambi, jifunze somo lake na usimfanye nabii.

Umeuliza pia kuhusu biolojia, yale ya viumbe kubadilika kwa vizazi vingi, na jiografia inayosema milima ina mamilioni ya miaka. Mtihani unataka kujua kama umeelewa wanasayansi wanasema nini na kwa ushahidi gani. Elewa, uandike, uchukue alama zako. Baada ya hapo ukitaka kuliweka jambo hilo kando miaka mitano ulitafakari, ni hiari yako, na Katiba katika ibara ya 19 inakuachia uhuru huo, kama ambavyo katika ibara ya 11 inakupa haki ya kujielimisha bila kuweka sharti la imani.

Kuna watu watakaofurahia kutoka kwako kupita kiasi. Baadhi watakualika kanisani kwao ili utoe ushuhuda wa jinsi ulivyokombolewa kutoka kwa wapotofu, na wengine, hasa mjini, watataka useme kwamba dini zote ni utumwa. Wote watakupa chai. Kunywa chai, lakini hadithi yako usiwape mpaka uwe tayari, kwa maana utajikuta umeahidi imani nyingine kabla hata hujapumua. Na usiruhusu yeyote, mimi nikiwemo, akuambie kwamba kule hapakuwa na jema. Ulipojifungua mtoto wa pili, wanawake wa kambi walikupikia uji na kukuchotea maji mpaka ukapata nguvu. Mjini hutapata hilo kwa kuomba tu. Itakubidi uingie kikoba, ujuane na jirani, uchangie misiba ya watu usiowajua vizuri. Upweke wa siku ile ya ibada, ambapo huna pa kwenda na nguo nzuri zimekunjwa, ni mzito, na mimi niliupunguza kwa kuipangia siku hiyo hesabu, somo nililolichukia kuliko yote.

Kuhusu vitisho vya baba wa watoto kwamba atawachukua, sikiliza vizuri. Ndoa yenu ilifungwa kambini bila cheti, lakini hilo halimpi yeye watoto. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 125, inaiambia mahakama itazame kwanza ustawi wa mtoto, na inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Wako wote wawili hawajafika saba. Mtafute msaidizi wa kisheria wa kata, na baba wa watoto akija kwa nguvu nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usikubali kikao cha wazee wa kambi kiamue jambo hili, hata kama mjomba atakupigia simu kusema ni la kifamilia.

Mama mdogo nitazungumza naye mimi. Sitamwomba akubali ulichofanya, kwa kuwa nikimwomba hivyo atalazimika kukataa mbele ya baba. Nitamwomba akae na watoto siku za mtihani, na nitalisema kama ombi la kawaida la bibi kukaa na wajukuu wake. Nauli ya kwenda RITA nimeituma jana kwa namba ya jirani yako. Nijulishe ikifika, na unitumie picha ya cheti cha darasa la saba pande zote mbili, maana ofisi nyingine huangalia kama jina limeandikwa sawasawa na lile la kwenye barua ya mtendaji.

Nisalimie watoto.

Dada yako