Wapole wanachoka jamani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo niseme kitu kinachoniuma sana. Mwaka 1921 Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi, aliwagawa watu kwa namna nguvu zao zinavyoelekea, kuna wanaoelekea nje kwa watu na wanaoelekea ndani kwenye fikra zao, na wote aliwaona ni wazima tu. Lakini angalia kwenye mahusiano, mkimya ndo kila siku anaambiwa abadilike, aongee, atoke, achangamke, ila mwongeaji hakuna anayemwambia anyamaze hata nusu saa amsikilize mwenzie. Hiyo si haki kabisa.

Halafu kuna wale wapenda amani, hawa ndo wananiuma zaidi, wanaomba msamaha hata wakikosewa wao, wanakumbuka kila kitu, wanapiga simu, wanauliza umeamkaje, umekula, kazi ikoje, alafu siku wakizidiwa wao hakuna anayeshtuka kwa sababu hawana kawaida ya kulalamika. Na mwenzie saa nyingine wala sio mtu mbaya, kazoea tu kupokea, hajui kama kuna mtu anabeba. Sasa mpole aseme kwa mdomo wake anachotaka, asisubiri mtu ahisi, maana kuna watu hawahisi kitu mpaka waambiwe.

Ombi langu kwa washauri wa safu yenu ya mahusiano, acheni kumwambia mpole avumilie, kashavumilia vya kutosha huyo, ongeeni na yule anayepokea kila siku.

Msomaji wenu