Mpeni bibi harusi kipaza sauti, aseme mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika, wiki mbili zilizopita, kwamba hotuba za mabibi harusi zinarefusha sherehe bila faida, na kwamba bwana harusi akishashukuru "kwa niaba yangu na ya mke wangu" inatosha. Barua ile niliisoma mara mbili. Nimeolewa miezi miwili tu iliyopita, nikatoa hotuba yangu kwa kinywa changu, na ningependa kueleza kwa nini hakuna mtu ambaye angeweza kunisemea.

Ratiba ya kwanza niliyoletewa haikunitaja mahali popote. Kulikuwa na neno la baba, neno la upande wa mume, kisha bwana harusi dakika kumi. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba siku hiyo bibi harusi huwa amechoka, aachwe akae, atazamwe. Nikanyamaza. Aliyekataa ni mume wangu, wakati huo bado mchumba. Aliniambia, "Mimi naweza kumshukuru mama yako kwa kunipa mke. Yale aliyokufanyia wewe siyajui, nitayasemaje?" Ndipo nikamwendea mshereheshaji nikamwomba dakika tano, tena kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula watu husogeza viti, watoto husinzia, na wanaokwenda mbali huanza kuaga. Akanipa.

Kuzipata dakika tano kulikuwa rahisi kuliko kuzijaza. Mimi ni mwalimu wa Historia. Kila siku nasimama mbele ya wanafunzi, sauti ninayo, na kwa kuandika sijambo. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Zikapita siku tisa, na karatasi ina mstari mmoja tu: "Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Siku ya kumi nikatafuta mtandaoni hotuba zilizokwisha kuandikwa. Ziko nyingi. Nikachukua moja nikabadilisha majina. Ilikuwa na maneno mazuri, furaha isiyo na kifani, malezi bora, upendo usio na mipaka. Nikasimama chumbani nikaisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye "malezi bora" nikasita. Ulimi ulikataa. Malezi yapi? Aliyenilea akiketi pale mbele na kusikia maneno mawili hayo, atajuaje kwamba nakumbuka?

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minane. Aliyenilea ni mama wa kambo. Nyumbani nilimwita mama, lakini kwa sauti ya chini, na mbele ya watu nilikuwa natafuta namna ya kusema naye bila kumwita kitu chochote. Mtoto hufanya hivyo akidhani anamlinda marehemu. Yeye hakuwahi kuniuliza.

Sketi yangu ya kwanza ya shule aliishona mwenyewe, akaacha kitambaa kirefu ndani ya upindo. Kila niliporefuka alifumua, akashusha kidogo, akapiga pasi, akashona upya. Sketi ile niliivaa miaka minne, na kufikia mwaka wa mwisho ilikuwa na mistari mitatu ya mishono ya zamani, mmoja juu ya mwingine, ambayo pasi haikuweza kuifuta. Nilikuwa naionea haya. Nilitembea nikiufunika upindo kwa mkoba. Usiku ule wa siku ya kumi nikaiona tena mistari ile, na nikaelewa kwamba alianza kunipangia miaka minne mbele tangu siku aliyoshika mkasi, wakati mimi bado nahesabu siku za yeye kuondoka.

Nikaandika hayo. Sentensi saba. "Malezi bora" nikayakata, na baada ya hapo hotuba ikaanza kuja.

Tangu hapo nilijiwekea sharti moja, nalo ndilo ningependa mabibi harusi wenzangu walichukue. Kila sentensi niliyoandika niliiuliza: je, bibi harusi mwingine, nisiyemjua, anaweza kuisoma hii kwake bila kubadilisha neno? Kama anaweza, si yangu, nikaifuta. Zilikufa sentensi nyingi, zikiwemo nilizozipenda.

Hata hivyo hotuba ilikuwa ndefu mno. Nilihesabu maneno 1,140, na kwa saa ya ukutani dakika 11. Hapo nikakumbuka somo ninalofundisha kila mwaka. Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg nchini Marekani, Edward Everett, msemaji mkuu wa siku ile, alihutubia kwa saa mbili kwenye makaburi ya wanajeshi. Baada yake akasimama Rais Abraham Lincoln, akasema maneno yasiyofika 300, akaketi. Kesho yake Everett alimwandikia Lincoln barua akikiri kwamba angefurahi kama katika saa zake mbili angekuwa amelikaribia kiini cha jambo kama rais alivyolikaribia katika dakika mbili. Nimewasomesha wanafunzi wangu habari hiyo kwa miaka sita, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa na karatasi nne.

Nilichokata kwanza ni orodha ya majina. Ukianza kutaja mmoja mmoja, binamu, majirani, wafanyakazi wenzio, utamsahau mtu, na huyo uliyemsahau ndiye atakayelikumbuka jambo hilo miaka yote. Nikawaandikia ujumbe wa shukrani kila mmoja peke yake, wiki ile ile. Kwenye hotuba nikabakiza watu wanne: marehemu mama, mama aliyenilea, baba, na mume wangu. Maneno yakawa 480. Dakika tano kasoro.

Sehemu iliyoniumiza kichwa kuliko zote ilikuwa namna ya kuwataja mama zangu wawili katika pumzi moja. Ukumbini wangekuwepo dada zake marehemu. Nikimsifu huyu, je, wale watasikia kwamba nimemsahau yule? Na nikianza na marehemu, je, aliyehai ataketi tena kama mgeni, kama alivyoketi miaka yote? Nilijaribu kuandika aya hiyo mara sita. Mwishowe nikampigia simu mama mkubwa, dada yake marehemu. "Shikamoo mama mkubwa, kuna kitu nataka nikusomee." Nikamsomea aya nzima, pamoja na habari ya sketi. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mtaje mdogo wangu kwanza, halafu mtaje aliyekulea. Hakuna kati yao atakayepungukiwa." Nikaipanga hivyo hivyo. Nawasihi sana wenye mambo kama haya katika familia: msiyaache yazuke kwenye kipaza sauti. Mwenye kuguswa asomewe kwanza.

Kuhusu mume wangu nilikuwa na mengi, na yote yalikuwa maneno ya kadi za dukani. Kilichobaki ni kitu kidogo. Baba yangu hasikii kwa sikio la kushoto, na hapendi watu wajue. Siku mume wangu alipokuja nyumbani mara ya kwanza, walikaa sebuleni wakizungumza, na baada ya dakika chache akainuka, akaomba radhi, akahamia kiti cha upande wa kulia wa baba. Hakuna aliyemwambia. Jioni nilipomuuliza akasema, "Niliona mzee anageuza kichwa." Nilimwomba baba ruhusa ya kulisema hilo ukumbini. Alifikiri siku mbili, akakubali.

Sasa kuhusu kusimama. Nilifanya mazoezi kwa sauti kamili, nikiwa wima, kwa sababu kusoma kimyakimya kunadanganya: macho hupita juu ya maneno ambayo koo litakwama. Mara nne za kwanza nililia kwenye aya ya sketi. Mara ya tano nilitetemeka tu. Ya saba ilipita. Sikutaka machozi yaishe kabisa, nilitaka tu yaliyo mengi niyaache chumbani. Nilijifunza pia kwamba kukaza meno kunazidi kuliziba koo. Kinachosaidia ni kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kisha funda moja la maji, ndipo uendelee. Watu watakusubiri. Hakuna aliyewahi kumkasirikia bibi harusi kwa sekunde kumi za ukimya.

Hotuba niliiandika kwa mkono kwenye kadi tano ngumu, herufi kubwa, upande mmoja tu, kila kadi na namba yake pembeni ili zikianguka nizipange. Simu niliikataa: kioo huzima katikati ya sentensi, na mwanga wake humfanya mtu ainamishe uso. Halafu kuna hesabu ambayo sikuwahi kuifikiria mpaka siku ya kujaribu ukumbi. Bibi harusi ana mikono miwili, na anatakiwa kushika maua, kadi na kipaza sauti. Maua nikapanga kumpa msimamizi wangu kabla sijasimama. Bangili za mkono wa maiki nikazivua, maana zilikuwa zinagonga na kusikika ukumbi mzima. Fundi wa vyombo alinionyesha niishike maiki vidole vinne kutoka mdomoni, na akanionya nisisogee mbele ya spika, kwani maiki ikichukua sauti inayotoka kwenye spika huirudisha tena na tena, na ndicho kile kipenga kinachowafanya watu wazibe masikio. Namshukuru. Dakika kumi za fundi yule ziliniokoa kuliko ushauri wote niliopewa.

Siku yenyewe, mikono ilikuwa baridi na mdomo mkavu. Sikuanza na itifaki. Nilianza kwa kumtaja mama yangu mzazi, nikaomba tumkumbuke kwa kitambo kidogo. Kisha nikageuka. Mpaka hapo nilikuwa nazungumza na ukumbi, lakini kadi ya tatu nilikusudia kuisema kwa mtu mmoja, kwa hiyo nikageuza mwili mzima kuelekea alikoketi, nikasema, "Mama." Kwa sauti kamili, kwenye maiki, mbele ya watu wote. Nikasimulia sketi. Nilipofika kwenye mistari mitatu koo likafunga.

Nikatoa pumzi kama nilivyofanya mazoezi. Ukumbi ulikuwa kimya. Na katika ukimya ule ikasikika sauti ya baba, kubwa, kama ya mtu asiyejua ukubwa wa sauti yake: "Amesema nini?" Mume wangu alikuwa ameketi kulia kwake. Akainama kwenye sikio linalosikia akamrudia neno kwa neno, sketi, upindo, mistari mitatu. Nilimwona baba akisikiliza huku amefumba macho. Nikasubiri mpaka amalize. Halafu nikasoma kadi ya nne, ile ya kiti, na sikuwa na haja ya kuieleza sana, maana kila mtu alikuwa ametoka kuiona.

Dakika zote, pamoja na ukimya, zilifika sita. Mshereheshaji hakunihimiza, naye namshukuru.

Wiki moja baadaye mama alinipigia simu. Hakuwa na maneno mengi, si mtu wa maneno mengi. Aliuliza kama zile kadi bado ninazo, na kama naweza kumpa ya tatu. Nikampelekea. Ameiweka ndani ya sanduku la cherehani.

Nakubaliana na msomaji mwenzangu kwenye jambo moja: sherehe nyingi zina hotuba nyingi mno. Nimekaa kwenye harusi ambazo watu saba walisema jambo lile lile kuhusu uvumilivu katika ndoa. Zipunguzwe hizo. Wazee wanaweza kukubaliana mmoja awasemee. Lakini bibi harusi ndiye mtu pekee ukumbini anayejua alilelewaje na nani, na siku ile wote wamekusanyika, wote wanasikiliza, na kwa wengi wao hawatakusanyika hivyo tena.

Kama msomaji yule ana binti au mdogo wake wa kike anayekaribia kuolewa, namwomba amuulize kabla ratiba haijachapwa: kuna mtu unayetaka kumwambia jambo? Akijibu ndiyo, amwandikie dakika tano, kabla ya chakula.

Mwalimu wa Historia,
Msomaji wako wa siku nyingi